Bakuli Lisilo na Vitunguu

Campo Grande, 6 Juni 2010

Kaka Anselmo,

Sisi wazima. Magoti yangu yanalia kila asubuhi kama mlango wa banda la kuku, lakini yananifikisha sokoni, na sokoni ndiko kwenye kazi. Baridi imeanza kuingia, na watu wa hapa wakiona baridi wanakumbuka soba, tambi zetu za supu. Jana nilikata mayai ya kukaanga hadi kidole kikafa ganzi. Zoraide wa kibanda cha jirani, yule Mparagwai anayeuza mikate ya jibini, akaniambia, "Mama Dirce, wewe utakufa umeshika kisu, na mimi nitalazimika kuwamalizia wateja wako ndipo nikuzike." Ndivyo tunavyoishi.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Tarehe kumi na saba Oktoba mama anafikia kumbukumbu yake ya mwisho, ya mwaka wa thelathini na tatu. Wewe unaijua kuliko mimi: baada ya siku hiyo hatumlilii tena kwa jina lake, anaingia kwenye kundi la wazee wote. Ba'mdogo Seikichi ameshaanza kuuliza. Haniulizi mimi, anauliza ukuta nikiwa nimekaa mbele yake. "Mtoto wa kwanza wa kiume atakuwepo?" Ukuta haujibu, basi namwongezea chai.

Halafu kuna kabati. Binti yangu Marli anasema kwa magoti haya siwezi kukaa peke yangu mwaka mwingine, anataka nihamie kwake Curitiba baada ya Krismasi. Nimekubali. Nyumba ya baba tutaiuza. Lakini kabati la wazee, lenye vibao vya majina ya babu, baba, mama, na yule mdogo wetu aliyekufa kabla hajaanza kutambaa, siwezi kulihamisha kwa kupenda kwangu. Kwa mila ya watu wetu wa Okinawa, kule Japani, linakaa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Binti aliyeolewa akilishika, wanasema, analeta mikosi. Miaka ishirini nimelitunza "kwa muda tu". Nimelifuta vumbi, nimewasha ubani kila alfajiri, na siku za soko bakuli la kwanza la soba linaliwa kwa macho na mama kabla mteja yeyote hajaketi.

Ba'mdogo amesema mbele ya ukoo mzima: ikiwa mtoto wa kwanza hatatamka lolote hadi siku ya kumbukumbu, vibao vitachomwa siku hiyohiyo, mambo yaishe.

Kwa hiyo nakuuliza, kaka. Njoo, au sema neno. Kabati liwe wapi? Usinijibu habari za hali ya hewa. Wala usipige simu. Ukipiga unakohoa, halafu unasema laini ni mbaya.

Mdogo wako,
Dirce


Hamamatsu, 3 Julai 2010

Mpenzi mdogo wangu Dirce,

Barua yako nimeisoma mara mbili karibu na dirisha. Hali ya hewa sitaitaja, isipokuwa niseme kwamba mvua za huku Japani mwezi huu hazinyeshi, zinakaa.

Kuhusu kabati. Katika nyumba yetu kuna chumba kinachotazama mashariki, chenye kibustani mbele yake, na kwa muda mrefu nimekihesabu kuwa mahali pake. Kwa bahati mbaya fundi amegundua unyevu chini ya sakafu, na mbao za zamani kama zile, zilizosafiri na babu kwenye meli mwaka 1918, zitaharibika. Si busara kulileta mwaka huu. Kuhusu safari yangu mwenyewe, chuo ninakofundisha Kireno kimenifunga hadi mwisho wa mwaka, na daktari hapendi nipande ndege kwa sababu ya kifua. Nakuandikia haya kwa aibu. Mwombe Ba'mdogo subira. Mila zetu zilivuka bahari moja zikasalimika, zitaweza kungoja mwaka mmoja.

Usidhani nimesahau. Usiku nikikosa usingizi natembea mjini kwetu kwa mawazo. Natoka kwenye lango la shule nilikofundisha jiografia, nashuka kwa Mtaa wa 14 Julai hadi relini, na kila mti nausalimu ulipo. Agosti ikifika, miti ya maua ya njano inavua majani yote kabla ya kuchanua, kana kwamba haithubutu kuvaa nguo mbili kwa wakati mmoja. Huwaambia wanafunzi wangu: katikati ya Brazili kuna mji ambao hakuna anayefunga safari kuuona. Watu hulala hapo usiku mmoja tu, wakiwa njiani kwenda kutazama ndege na mamba wa Pantanal. Wanalala katikati ya miti kama msituni na hawajui. Wao hupita, nawaambia. Mimi niliishi.

Msalimie Marli.

Kaka yako,
Anselmo Kanashiro


Campo Grande, 30 Agosti 2010

Kaka Anselmo,

Nimepata yako ya Julai, na jina lako kamili chini yake, kama vile nina kaka wengi wa kuwachanganya. Nimefurahi kusikia habari za chumba cha mashariki. Nimemweleza Ba'mdogo kuhusu unyevu wa sakafu. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

Leo nina kisa cha sokoni tu, nikusimulie ucheke.

Jumatano iliyopita lilikuja basi la wazee wa Kijapani, wa usiku mmoja, asubuhi yake wanakwenda Pantanal. Dereva akawaleta kibandani kwangu. Walikula, wakasifu, wakayapiga picha mayai yangu kabla ya kuyatia mdomoni. Mkalimani wao alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia nyeupe na barakoa. Aliwapangia viti, akawaeleza wanachokula, kisha akasema tumbo lake halimtaki, akaenda kukaa kwa Zoraide, mgongo kwetu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye sufuria, haya nasimuliwa.

Saa ile ya jioni ndiyo saa ya terere, ile chai ya baridi. Mbele ya kibanda cha Zoraide hawakosi watu wanne watano wamekaa duara, pembe ya ng'ombe iliyojaa majani inazunguka mkono kwa mkono, na jagi la maji ya barafu liko miguuni kwake. Wajapani walioshiba wakaja kutazama, akawakaribisha. Wa kwanza alivuta mrija, akakunja uso, akainama, akasema asante. Basi, pembe ikamruka. Wa pili akasema asante, ikamruka. Mama mmoja aliipenda kabisa, akashukuru mara tatu, maskini, halafu akakaa anangoja zamu yake irudi na haikurudi. Hakuna aliyewaeleza. Nani hapa amewahi kuelezwa kwamba asante husemwa ukishatosheka, na kwamba ukiisema umejitoa?

Ikamfikia mkalimani. Akashusha barakoa, akavuta mpaka pembe ikakoroma, akairudisha bila neno. Ikazunguka, ikamrudia, akanywa, akairudisha bila neno. Na tena. Mrija hakuugusa kwa kidole wala hakuutikisa. Dereva alipopiga honi ndipo akarudisha pembe, akasema, "Asante." Mara moja, kwa Kireno cha hapa kwetu.

Zoraide alikuja kwangu amekumbatia jagi. "Mama Dirce," ananiambia, "yule Mjapani ni wa hapa. Na kama si wa hapa, basi mimi ndiye Mjapani."

Tukacheka. Kisa chenyewe ndicho hicho.

Kumbukumbu ni Jumapili, tarehe kumi na saba Oktoba. Bado nangoja neno kuhusu kabati.

Dirce


Hamamatsu, 18 Septemba 2010

Mpenzi Dirce,

Kisa chako kilinichekesha kwelikweli. Lakini hakina ajabu kubwa. Hapa Hamamatsu wako maelfu ya watu waliozaliwa Brazili kama sisi, walikuja kufanya kazi viwandani, na sasa wamezeeka. Wakala wa safari huwatafuta kwa sababu wanajua lugha mbili. Huyo mzee wa kofia nyeupe huenda ni mtu wa Dourados, au wa Ponta Porã. Terere si mali ya mji mmoja. Mimi Agosti hiyo niliimaliza kitandani na kifua changu, nikisoma ramani za zamani.

Sasa nikushauri kama kaka mkubwa. Ikiwa mnauza nyumba, ule mchikichi wa baba pale langoni uondolewe kwanza. Mti umekufa, umebaki gogo lisilo na kichwa, na dhoruba za Oktoba zikianza utaangukia paa. Mnunuzi akiona gogo kama lile mbele ya nyumba atadhani tulikuwa watu wasiojali. Ni aibu kuuacha umesimama vile. Tafuta mtu mwenye msumeno, isiwe kazi yako.

Kuhusu kabati, mwambie Ba'mdogo kwamba mtoto wa kwanza hakatai. Anasema ndiyo, lakini mwakani, sakafu ikikauka. Najua unataka kuutua mzigo huu. Haki yako. Nivumilie kidogo tu.

Kaka yako,
Anselmo


Campo Grande, 1 Oktoba 2010

Bwana Anselmo,

Hatujuani kwa majina, lakini umekunywa kwenye pembe yangu, kwa hiyo tusipigane chenga. Mimi ni Zoraide, wa mikate ya jibini. Dirce hajui kwamba nakuandikia. Anwani nimeiiba nyuma ya bahasha yako alipokwenda kuchota maji.

Barua yako aliisoma sokoni, amesimama. Alipofika kwenye mchikichi akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaanza kukata tangawizi. Baadaye akaniambia, "Zoraide, ule mti umekufa mwaka juzi. Sijawahi kumwandikia." Alikata tangawizi mpaka tangawizi ikaisha, na tulikuwa na ya wiki nzima.

Kwa hiyo ulifika hadi langoni, mzee wangu. Ukasimama, ukatazama, ukaondoka. Hongera kwa macho mazuri. Ila nikuulize: ni nani wa hapa anayekata mchikichi uliokufa? Hata mtoto wa chekechea anajua unaachwa. Kasuku wakubwa wanazalia ndani ya gogo. Mwaka huu wako wawili, buluu na njano, na alfajiri wanapiga kelele kama wakwe waliokuja bila taarifa. Mtaa mzima unawachunga. Dirce alimfukuza mtu wa msumeno kwa ufagio. Wewe terere unaijua vizuri kama sisi, lakini mti umeutazama kama mgeni.

Sasa lile bakuli. Ulipokaa kwangu nilikuletea soba, unakumbuka? Nikakuambia, "Kula baba, tumbo tupu halipatani na maji ya barafu." Ulidhani ni ukarimu wa Kiparagwai? Mimi nauza mikate. Dirce alikuona tangu unashuka kwenye basi. Alinivuta aproni nusura inikabe. "Yule ni kaka yangu. Usimwonyeshe kwamba unajua." Akatengeneza bakuli. Akatupia vitunguu vya majani kwa mazoea ya mkono, akasimama, akaanza kuvitoa kimoja kimoja kwa vijiti. Nikamwambia, "Vitunguu vimekosa nini, na foleni ndiyo ile?" Akasema, "Hali vitunguu tangu ana miaka minne."

Kisha akachuchumaa nyuma ya kaunta. Kwa magoti yale. Nikamwambia, "Toka nje, mwanamke, ukamsalimie ndugu yako." Akasema, "Akiniona atalazimika kunijua. Mwache ale." Akakaa pale chini mpaka basi likaondoka. Tulikuwa watu wawili kumwinua.

Mimi si wa ukoo wenu na sijui mizimu yenu inakula saa ngapi. Ninachojua ni kwamba Jumapili ya kumi na saba yule Ba'mdogo wenu atauliza ukuta, na ukuta usipojibu, vibao vinaingia motoni. Wewe unaandika "najua unataka kuutua mzigo". Vitabu vyote hivyo umesoma, na hujui kusoma barua ya dada yako? Mtu anayetaka kutua mzigo haufuti vumbi miaka ishirini. Dirce anataka aende na kabati Curitiba. Anataka mwenye haki atamke kwamba ni lake, asiitwe mwizi wa wazee wake mwenyewe. Kuomba hawezi. Amelelewa kumngoja mtoto wa kwanza wa kiume aseme. Basi sema.

Usinijibu mimi. Na usimwandikie habari za kifua.

Zoraide Benítez


Hamamatsu, 17 Oktoba 2010, asubuhi

Dirce,

Barua ya jirani yako imenifikia jana. Kwenu sasa bado ni Jumamosi jioni. Nilishuka kwenye simu ya chini, nikapiga. Ukaitikia. Nikakohoa. Yaliyofuata unayajua. Kwa hiyo naandika, ingawa barua hii itafika mambo yakiwa yamekwisha.

Chumba cha mashariki hakipo. Ninakaa juu ya duka la dobi, katika chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Unyevu upo, huo sikuutunga. Ni mvuke wa dobi. Chuo hakipo. Tangu kiwanda kiliponistaafisha nabeba mizigo ya watalii na kutafsiri orodha za vyakula, kwa kadi yenye jina langu shingoni. Kwenye kadi wameandika Kanashiro peke yake. Anselmo waliona ni refu.

Nilipopewa ile safari niliona jina la mji wetu kwenye ratiba: usiku mmoja, chakula cha jioni sokoni, kuondoka saa moja asubuhi. Nilijiambia nitakuja kugonga. Nilikuwa hata nimenunua ubani mzuri. Tulipokuwa tunaingia mjini, yule mzee aliyekaa nyuma yangu, Bwana Ogasawara, mtu mpole, akashangaa miti. Miti yote ya njano ilikuwa imechanua, pande zote mbili za barabara, na vumbi jekundu chini yake limefunikwa na maua. Akainama kwangu akauliza, "Mji wa kijani kiasi hiki, na hatukuwahi kuusikia. Wewe unaujua?" Nikamjibu, "Ni mara yangu ya kwanza kufika."

Sijui kwa nini. Labda niliona kwamba atauliza mengine: nyumba yenu iko wapi, ndugu zako wako wapi, mbona hushuki. Neno moja lilitosha kuyazuia yote. Lakini nilipokwisha kulisema sikuweza tena kujitoa. Nilipokuona kibandani ukiwa umeinamia sufuria, na nywele zimekuwa nyeupe kama za mama, nilikuwa tayari mtu ambaye hajawahi kufika.

Lile bakuli nililimaliza lote. Nilidhani vitunguu vimewaishia.

Alfajiri nilitembea hadi nyumbani. Harufu ya ubani ilikuwa inatoka dirishani, redio inatangaza bei ya ng'ombe, na wewe unakohoa, Dirce, kikohozi kilekile ninachokitumia mimi kwenye simu. Niliweka mkono kwenye lango. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kelele kubwa, na sikuinua macho. Nilitazama gogo tu, nikaona kitu kilichokufa ambacho hakuna aliyekiondoa, nikaona kinafanana nami, nikarudi hotelini kupanga masanduku ya watu. Ubani ule niliuacha kwenye chumba cha hoteli.

Sasa neno ulilolingoja. Nimeliandika tena kwenye karatasi ya peke yake, kwa Kijapani na kwa Kireno, ili Ba'mdogo asome mwenyewe:

"Mimi Anselmo Kanashiro, mtoto wa kwanza wa kiume, nasema kabati na vibao ni vya Dirce. Viende popote aendapo, na baada yake aamue yeye. Vilikuwa vyake tangu siku nilipoondoka. Ni mimi niliyechelewa kusema."

Ikiwa vimekwisha kuchomwa, karatasi hiyo ichome pia.

Anselmo


Campo Grande, 2 Novemba 2010

Kaka,

Leo ni siku ya wafu. Tumetoka makaburini sasa hivi, Zoraide ameniegemeza njia nzima huku akilalamika kwamba mimi ni mzito. Nimekaa nikuandikie kabla sijavua viatu.

Simu ya Jumamosi ile niliipokea nikiwa nachuja supu ya kumbukumbu. Nilijua ni wewe. Nani mwingine anapiga kutoka upande wa pili wa dunia ili akohoe? Nilibaki nimeshika mkonga wa simu mpaka supu ikapoa.

Jumapili walikuja wote. Tulimaliza sala, Ba'mdogo akasogeza mto wake mbele ya kabati, na sinia la kuchomea vibao lilikuwa tayari uani, mkaa umeshashika. Akauliza ukuta, "Mtoto wa kwanza wa kiume amesema nini?"

Nikajibu mimi badala ya ukuta. Nikasema, "Amepiga simu jana. Amesema kabati ni langu."

Nilikuwa nimeshika ubani unaowaka, kaka. Mbele ya mama, siku yake ya mwisho ya kuitwa kwa jina lake, nikadanganya kwa sauti. Ba'mdogo akageuka akanitazama mimi, uso kwa uso. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo.

"Amesema hivyo hasa?"

"Hivyo hasa."

Akauliza, "Alikuwa anakohoa?"

"Alikohoa."

"Basi ni yeye," akasema, akaagiza mkaa umwagiwe maji.

Siku zilizofuata sikuweza kuwasha ubani bila kutazama pembeni. Nilikuwa nikifungua kabati kama mtu anayefungua mfuko wa mwenzake. Soba ya mama niliiweka na kuondoka upesi. Zoraide akasema, "Umepata ulichotaka na bado una sura ya mwizi wa kuku." Nikamwambia ndivyo hasa nilivyo.

Kisha barua yako ikaja, na ile karatasi. Maneno yaleyale niliyokusingizia. Nimeiweka ndani ya kabati nyuma ya kibao cha mama, nikamwambia, "Si uongo tena, mama. Ilichelewa posta." Ba'mdogo nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema Kijapani chako kimekuwa cha kiwandani. Lakini aliomba aisome mwenyewe mara ya pili.

Sasa aibu yako. Nimeisoma yote na sitakuambia kwamba si kitu. Chumba juu ya dobi si aibu, na kadi ya shingoni si aibu, nami nimevaa aproni miaka thelathini. Kutonisalimia sokoni nilishakusamehe palepale chini ya kaunta, magoti ndiyo hayajasamehe. Lakini "ni mara yangu ya kwanza kufika", hilo limeniuma. Litaendelea kuniuma kidogo. Nakuambia ili usije ukaona nacheka na watu ukadhani limepita.

Nami nina langu. Kule chini ya kaunta nilijisifu kwamba nakuhurumia wewe. Si kweli yote. Nilikuwa na mikono ya mafuta na gauni lenye kiraka, na wewe ulikuwa umesimama mrefu na kofia nyeupe kati ya watu safi, na nikaona afadhali mkalimani wa watu asiwe na dada kama huyu. Tulijificha wote wawili, mmoja mbele ya kaunta na mwingine nyuma yake. Basi tusilaumiane sana.

Kasuku wamepata mtoto. Anachungulia kwenye tundu la gogo, hajaota manyoya, ana sura ya Ba'mdogo. Mnunuzi wa nyumba ni mtu wa hapa, hata hakuuliza kama mchikichi utakatwa. Marli anakuja na gari tarehe ishirini na nane Desemba kuchukua vitu. Kabati litakaa kiti cha nyuma, nami kando yake. Kabla ya hapo nyumba ni yetu, na godoro la ziada lipo. Njoo bila kundi. Ubani usinunue, upo mwingi.

Zoraide ananiuliza ukija pembe ikufikie au ikuruke, kwa kuwa ulishasema asante mbele ya mashahidi. Nimemwambia ile ilikuwa asante ya mkalimani wa basi, mtu aliyefika hapa kwa mara ya kwanza. Kaka yangu bado hajasema.

Mdogo wako,
Dirce